Muhogo wa Pembeni

Niliusikia kabla sijaona chochote: mchi ukishuka kinuni, mzito na mkavu, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Ilikuwa asubuhi, nami nilikuwa mpangaji mgeni, bado sijawajua majirani. Nikafungua dirisha kumtafuta mtwangaji, lakini pua ikatangulia jicho. Harufu ya muhogo uliovundikwa. Asiyeijua huiita uvundo. Sisi tuliokulia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hatuiiti kitu, tunameza mate tu. Nilimeza mate, kisha nikajikuta nimekaa kitandani, mkono kifuani, nacheka peke yangu kama mtu aliyekoswakoswa na gari.

Nilikuwa na miaka minane. Bibi, mama yake mama, aliugua huko Kasulu, mama akaenda kumuuguza. Baba alikuwa mtu wa maboti. Alinunua dagaa Kibirizi, akavusha mizigo mpaka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na akishaingia ziwani simu yake ilikuwa sawa na jiwe. Kwa hiyo mimi na mdogo wangu Hamisi, aliyekuwa na miaka minne, tulitolewa nyumbani kwetu Ujiji tukapelekwa Bangwe, kwa mke wa pili wa baba. Tulimwita Mama Mdogo. Alikuwa Mbembe. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo kabla hajazaliwa, lakini Kiswahili cha ng'ambo kilibaki mdomoni mwake. Alikuwa bado hajapata mtoto.

Aliyetupeleka ni shangazi, dada yake baba. Njiani alitununulia karanga, akatugawia, halafu akainama mpaka marashi yake yakanijaa puani.

"Kwa yule mwanamke msile ovyo, mmesikia? Hana mtoto yule. Asiyezaa hajui uchungu." Akajinyoosha, akatazama huku na huku. "Sijasema kitu mimi."

Shangazi alikuwa na kipaji hicho, cha kusema kila kitu na kumalizia kwamba hajasema kitu. Hamisi alikuwa anahangaika na maganda ya karanga. Mimi nililibeba neno lile moyoni kama mtoto anavyobeba yai, kwa mikono miwili.

Nyumba ya Mama Mdogo ilikuwa ndogo, ya matofali ya kuchoma, mgongo wake ukielekea ziwani. Nyuma kulikuwa na bustani iliyoteremka kidogo kidogo hadi kwenye mawe ya ufukweni. Ukisimama hapo unaona maji ya buluu kupitia majani ya mihogo, kana kwamba mtu ameyakata vipande vipande akayatundika kwenye matawi. Jioni ya kwanza alitushika mikono, akatuzungusha.

"Hii ya katikati ni mutamu. Mukitaka kutafuna mubichi, muniombe, nitawang'olea. Ile ya pembeni, inayozunguka, ni muchungu. Hiyo musiiguse. Hiyo ni askari wangu."

"Askari?" Hamisi akauliza.

"Eeh. Nyani anakuja, anang'oa, anaonja, anatema, anaenda kwa jirani." Akacheka. "Na mwizi vilevile, ila mwizi anatukana kwanza."

"Kama ni mchungu mbona unaulima?" nikamuuliza.

"Ndio wenye unga mwingi, yaya."

Alikuwa akiniita yaya, na mwanzoni nilinuna, kwa sababu Ujiji yaya ni mtu wa kulea watoto wa wenzake. Sikujua kwamba kwao ndivyo anavyoitwa mtoto mkubwa, kwa heshima. Nilitazama mihogo ile, ya katikati na ya pembeni. Machoni pangu yote ilikuwa mihogo tu, majani yaleyale yenye vidole, mashina yaleyale yenye vifundo.

Siku zilizofuata nilimtazama akifanya kazi. Aliing'oa mihogo ya pembeni, akaimenya, akaitumbukiza kwenye nusu pipa lililochimbiwa ardhini kwenye kona ya uwa, akajaza maji. Juu aliweka bati, na juu ya bati jiwe ambalo sikuweza hata kulisukuma. Siku tatu. Siku ya nne alifunua, na harufu ikatoka kama mtu aliyefungiwa ndani. Aliitoa mihogo ikiwa laini kama sabuni iliyosahaulika kwenye beseni. Akaikamua, akaibomoa, akaianika juu ya majabali mpaka ikakauka ikawa udaga, kisha kinu, kisha chekeche, kisha ugali mweupe unaovutika, ambao yeye aliuita bugali. Tuliula kwa dagaa na sombe, yaani kisamvu kilichotwangwa na mawese. Ulikuwa mtamu. Naogopa kusema jinsi ulivyokuwa mtamu, kwa sababu ya yaliyofuata.

Yeye hakula nasi. Alitutengea sahani ukumbini, akarudi jikoni na sufuria. Nililiona hilo, nikaliweka pembeni ya lile neno la shangazi.

Halafu mbuzi akafa.

Alikuwa mbuzi wake mmoja, jike, mweusi mwenye soksi nyeupe, aliyeitwa Mashaka. Siku hiyo Mama Mdogo alikuwa amelifunua pipa, akaitoa mihogo, akaenda kuianika. Mashaka akakata kamba. Jua lilikuwa kali, na mbuzi mwenye kiu hachagui. Tulimkuta amelala ubavu karibu na pipa, tumbo limevimba, miguu ikipiga hewa. Haukupita muda mrefu akatulia.

Mama Mdogo alipiga magoti pale chini. Alilia kwa sauti ndogo, ya mtu anayejionea aibu kumlilia mbuzi mbele ya watoto. Kisha akatugeukia, akatushika mabega, macho mekundu.

"Maji haya ni sumu. Mumesikia? Maji ya muhogo yanaua. Hata tone musiguse."

Nilitikisa kichwa. Nilikuwa nimesikia vizuri kabisa. Usiku nililala macho wazi, nikapanga mambo kichwani kama mtu anayepanga dagaa juu ya mchanga, mmoja mmoja. Maji ni sumu. Mihogo inakaa siku tatu ndani ya maji hayo. Inakunywa sumu mpaka inalainika. Halafu anatupikia sisi. Yeye hali. Asiyezaa hajui uchungu.

Kila kitu kilikubaliana. Ndiyo maana mpaka leo naogopa maelezo yanayokubaliana sana.

Kesho yake mchana ugali ulipowekwa mbele yetu nilimfinya Hamisi chini ya meza. "Usile."

"Nina njaa."

"Usile, nitakupa kitu kizuri."

Nilikuwa nimeficha mfuko wa plastiki kiunoni. Kila tonge lilikwenda huko. Mama Mdogo aliporudi alikuta sahani tupu, akafurahi. "Leo mumenisifu," akasema, na uso wake uling'aa kiasi kwamba ilinibidi nitazame ukuta. Mfuko niliumwaga ziwani. Samaki wadogo walikuja wakazunguka, nikakimbia kabla sijawaona wakifa.

Siku mbili tukaishi hivyo, kwa chai ya rangi, mapapai ya jirani na dagaa tuliowachokonoa chinichini. Hamisi alianza kulia bila sababu. Siku ya tatu alikaa kizingitini, kidole mdomoni, akasema hataki kucheza, anamtaka mama. Nikaona kwamba kumwokoa kwangu kunamuua kwa njia nyingine.

Ndipo nikapata akili. Sumu iko kwenye maji. Basi muhogo ambao haujaingia majini ni salama. Na kama Mama Mdogo anatukataza ule wa pembeni, bila shaka ni kwa sababu ule ndio mzuri. Watoto hawakatazwi kibaya peke yake. Wanakatazwa sukari, wanakatazwa nyama ya wageni.

Alasiri Mama Mdogo alikwenda kisimani. Nilichagua shina la mwisho kabisa, karibu na mawe, nikang'oa kwa nguvu zangu zote nikaanguka nyuma pamoja na mzizi mnene kama mkono wangu. Nikaumenya kwa meno na kisu. Jikoni kulikuwa na makaa, nikauzungusha juu yake mpaka ukapata madoa meusi. Ndani ulikuwa bado mbichi. Nilionja. Ulikuwa mchungu, uchungu unaoshika nyuma ya ulimi. Nikakumbuka kopo la sukari. Nikaunyunyizia sukari yote ambayo mtoto aliyefundishwa kuogopa kopo lile angethubutu kuchukua, kisha nyingine.

"Kula," nikamwambia Hamisi. "Huu hauna kitu."

Alikula kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake. Mimi niliuma kidogo, nikamwachia yeye sehemu kubwa. Nalisema hili waziwazi kwa sababu miaka mingi ndilo lililokuwa gumu kuliko yote: nilimwachia kwa upendo.

Jua lilikuwa halijashuka sana aliposema kichwa kinazunguka. Akatapika. Nikafurahi kidogo, nikadhani sasa sumu ya zamani inatoka. Halafu akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Akahema haraka, kifupi kifupi, kama samaki aliyewekwa juu ya mbao za boti. Na mimi tumbo likaanza kujisokota. Nilimtazama nikaona miguu ya Mashaka ikipiga hewa.

Mama Mdogo aliingia uwani na ndoo kichwani. Sijui ndoo ilifikaje chini. Alimnyakua Hamisi, akanishika mkono, tukatoka peku mpaka barabarani, akasimama katikati kabisa mbele ya bodaboda.

"We mama, unataka kufa?" dereva akafoka.

"Hospitali, baba. Mutoto huyu."

Dereva alimwona Hamisi, akasogea mbele kwenye kiti. Tulipanda wote, mimi katikati, kichwa cha Hamisi kikigonga bega langu kila tulipopita shimo. Mama Mdogo aliita jina lake njia nzima. Hakuliita kwa kelele. Alikuwa akimwita kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili, ambaye unajua yupo.

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani. Alimlaza, akamfunua macho, akamsikiliza kifua. "Amekula nini leo?"

"Bugali na dagaa, muchana. Walikula wote wawili, wakamaliza."

"Kitu kingine? Dawa? Mafuta ya taa?"

"Hapana. Nyumbani hakuna."

"Mama, nikijua alichokula nitajua pa kuanzia. Nisipojua nabahatisha."

Nilikuwa nimeegemea ukuta, ubaridi wake ukinifaa tumboni. Nilijua nikisema, nitakuwa mwizi wa muhogo, mwizi wa sukari na mwongo wa siku tatu, mbele ya mwanamke niliyeamini anatuua. Lakini nilimtazama. Nyayo zake zilikuwa zikitoka damu kwa kokoto, na hakujua. Mtu anayetaka ufe hakimbii hivyo.

Nikavuta kanga yake. "Hakula."

"Nini, yaya?"

"Hakula ugali. Niliumwaga. Amekula muhogo. Wa pembeni. Mimi ndiye niliyempa."

Nilifumba macho nikisubiri kofi. Halikuja. Nilisikia sauti yake, kavu na ya haraka. "Muhogo muchungu, daktari. Mubichi." Kisha kwangu, "Kiasi gani?" Nikanyoosha mkono wangu, nikaonyesha kuanzia kiwiko hadi kifundo. Daktari hakusubiri zaidi. Aliita wauguzi, na chumba kikajaa miguu. Mama Mdogo akaniinua uso. "Na weye? Umekula?"

"Kidogo."

"Na huyu naye!" akapaza sauti, na hapo tu ndipo sauti yake ilipokatika.

Asubuhi mwanga uliingia kwa dirisha la wavu ukaangukia kitanda cha pili. Hamisi alikuwa amekaa. Mrija ulikuwa mkononi, mdomo umemkauka, na alikuwa akimlalamikia muuguzi kwamba uji hauna sukari. Sijawahi kusikia lalamiko zuri kama lile. Leo ana ndevu na duka la vipuri vya injini za boti, na bado analalamika kuhusu sukari, na mimi bado nikimsikia kwenye simu hunipita kitu kifuani, kitu kinachofunguka.

Mama Mdogo alikuwa ameketi sakafuni kati ya vitanda vyetu, miguu imefungwa bandeji. "Kwa nini?" akaniuliza. Nikamweleza yote, tangu karanga za njiani mpaka Mashaka. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Maji hayatii sumu, yaya," akasema mwishowe. "Maji yanaitoa. Muhogo unazaliwa nayo. Tunauvundika siku tatu ili iingie majini. Mbuzi alikunywa kile kilichotoka. Weye ukamupa Hamisi muhogo ambao haujatoa kitu." Akanivutia shuka. "Na maneno ya shangazi yako yaache hapa hapa. Usimupelekee mama yako. Nyumba ya wake wawili inaungua kwa kiberiti kimoja."

Niliahidi. Ahadi hiyo ilidumu mpaka alasiri ya siku ya pili, tuliporuhusiwa.

Tulifika Bangwe tukamkuta shangazi ukumbini, ameshafika, ameshajua, kwa sababu dereva wa bodaboda alikuwa na mdomo. Hatukukaa sana mama naye, aliyeitwa kwa simu, akaingia, vumbi la barabara ya Kasulu mpaka kwenye nyusi. Alimshika Hamisi, akamnusa shingo, akanishika mimi, akaninusa. "Mwana wanje," akasema, mwanangu, kwa Kiha chake, mara nyingi, bila kusema kingine.

"Usishukuru bado, wifi," shangazi akaanza. "Kwanza muulize aliyeachiwa watoto. Sumu! Hospitali wamesema sumu. Imetoka kwenye bustani ya nani? Amepanda kifo kuzunguka nyumba halafu analetewa watoto wa mwenzake. Kaka akishuka tu kwenye boti namwambia, na talaka anaandika hapohapo gatini."

Mama alimtazama Mama Mdogo. "Ilikuwaje, mwenzangu?"

Nilisubiri aseme. Alisimama karibu na mlango wa jikoni, ameshika pindo la kanga. "Walikuwa mikononi mwangu," akasema. "Kosa ni langu."

"Umesikia? Kakiri mwenyewe."

Kupitia pazia la chumbani niliona kitanda chake. Nguo zilikuwa zimekunjwa, zimepangwa juu ya kitenge kilichotandazwa, tayari kufungwa. Alikuwa amezipanga tangu tulipoingia, wakati mimi nadhani anatutafutia shuka. Nikaelewa kwamba atanyamaza hivyo hivyo mpaka baba arudi, atabeba kile kitenge, atapanda boti, na mimi nitabaki salama na kimya chake maisha yangu yote.

"Si yeye," nikasema. Haikutoka vizuri. Nikarudia. "Mama, si yeye. Ni mimi." Nikamwaga yote, mfuko wa plastiki, samaki, sukari, na nilipofika kwa shangazi sikuruka. "Shangazi alisema tusile. Alisema asiyezaa hajui uchungu. Basi sikumlisha Hamisi siku tatu."

Nje mtu alikuwa akipiga makasia, tukayahesabu bila kutaka.

"Wifi," mama akasema, "uliwaambia watoto hivyo?"

"Aa, maneno ya njiani hayo! Mtu anatania na watoto. Mtoto naye ana akili gani?"

"Akili anayo. Ndiyo iliyotaka kumuua mwenzake." Mama alivua viatu, akakaa mkekani, akamvuta Hamisi mapajani. "Mwenzangu, nimetoka Kasulu tangu alfajiri, sijala. Kuna kitu jikoni?"

Mama Mdogo hakuelewa mara moja. "Kuna unga. Wa ile ile ya pembeni."

"Songa."

Mwiko ukagonga sufuria jikoni. Ugali ulikuja ukifuka moshi, na bakuli la dagaa wa mawese. Mama alinawa, akakata tonge la kwanza, akalila taratibu, akalimeza. La pili akampa Hamisi. La tatu akanipa mimi kwa mkono wake, kama vile mimi ndiye mwenye miaka minne. Nililitia mdomoni nikatafuna, na kitu nilichokibeba tangu Ujiji kikashuka pamoja nalo.

Mama Mdogo alikuwa anarudi jikoni na sufuria.

"Unakwenda wapi?"

"Mimi huwa nakwangua ukoko, dada. Wao washibe kwanza."

Mama alimwangalia, kisha akasogea mkekani, akaacha nafasi. "Leo hapa." Mama Mdogo akaketi. Mama akasukuma bakuli la maji ya kunawa kuelekea alikosimama shangazi. "Karibu, wifi. Nawa mikono, tule."

Shangazi alitazama bakuli. Akamtazama Hamisi, mashavu yamejaa, mawese yakimchuruzika kidevuni. Akasema ameshiba tangu asubuhi. Alichukua mkoba wake, akajitanda kanga yake polepole, akisubiri mtu ainuke amsindikize kama ilivyo desturi. Hatukuinuka. Mama alikuwa anamkatia mwenzake tonge. Shangazi akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.